Niliyoyaandika Kuhusu Bi. Kalunde

Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyotoka ukumbini wimbo haujafika hata katikati, nikaenda kunywa chai. Nakusimulia habari hii kwa sababu nimesikia kwamba unawafuata vijana wanaopanda jukwaani kila Jumamosi hapa Tabora, na wakishuka tu unaandika kwenye simu nani kaimba vizuri na nani kaharibu. Wananiambia watu wengi wanakusoma. Vizuri. Mimi nami niliwahi kusomwa.

Nilikuwa karani wa ghala la mizigo pale stesheni, kijana wa miaka ishirini na kitu, suruali pana chini, nywele nimezichana zikasimama. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wa mashambani wakihamia vijiji vipya, na mjini karibu kila mtaa ulikuwa na darasa la watu wazima. Ukumbi wa maendeleo ulikuwa na desturi moja niliyoipenda sana. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana, jukwaa liliachwa wazi. Aliyetaka kuimba aliandikisha jina lake mlangoni, akaitwa zamu yake ilipofika, akaimba nyimbo mbili, akashuka. Hapakuwa na mshindi. Walikuja wanakwaya wa makanisani wakiwa na sare zao, wakaja wazee na zeze, wakaja vijana na magitaa wakiiga bendi za Dar es Salaam mpaka namna ya kukohoa.

Nje ya mlango palikuwa na ubao wa gazeti la ukutani. Kamati ya ukumbi ilinipa kazi ya kuandika habari za kila Jumapili, nikibandika Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda ghalani. Nia yao ilikuwa njema: wale waliokuwa wanajifunza kusoma wapate kitu cha kusoma kinachowahusu. Mwanzoni niliandika kwa uangalifu. Kisha siku moja nikamfanyia mzaha mpiga gitaa mmoja, na nilipopita pale ubaoni nikawakuta watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Sitakuficha, mwanangu, kicheko kile kilinilewesha. Tangu hapo nikawa naandika ili nichekewe. Sikutia hata jina langu. Nilijiita Sikio la Mji.

Sasa, Jumapili ile alipanda mama mmoja wa makamo kutoka Usoke, mkulima wa tumbaku, aliyeandikishwa kwa jina la Bi. Kalunde. Alikuwa na khanga iliyopauka na njuga mkononi, hana gitaa, hana wenzake. Alianza kwa sauti ya chini, kwa Kinyamwezi, kama mtu anayezungumza na sufuria yake jikoni. Mimi mtoto wa mjini nikaona wimbo wa shambani huo, tena mrefu. Rafiki zangu wapiga gitaa walikuwa wananisubiri kwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara. Nikatoka.

Jumatatu nikabandika haya: "Bi. Kalunde wa Usoke alituimbia kwa sauti ya mlango uliokosa mafuta. Tunamshauri arudi kwenye tumbaku yake, maana tumbaku haina masikio." Niliona nimeandika jambo la maana sana.

Aliyenikamata alikuwa Mzee Ramadhani, mtunza ukumbi. Huyu alishika funguo za pale miaka mingi, akafagia, akapanga viti, na hakuna wimbo uliopita bila yeye kuusikia akiwa ameegemea dirisha la pembeni. Alinisubiri mpaka nikatoka kazini.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Hebu niambie, wimbo wa yule mama uliishaje?"

Nikacheka. Nikasema uliisha kama ulivyoanza.

"Wewe hukuwepo," akasema. Hakupaza sauti. "Nilikuona ukitoka. Sasa nikwambie ulivyoisha. Alipofika mwisho alisimama, akaanza kuita majina. Majirani zake wa zamani, waliotawanyika walipohamia vijiji vipya. Huyu kapelekwa huku, huyu kule, wengine hajui walipo. Anaita jina, ananyamaza, anasikiliza. Watu watatu wameitikia mle ndani, kijana. Mmoja amejua jana mama yake mdogo anaishi wapi. Mji huu watu wanapita kutoka pande zote tangu enzi za misafara, ndiyo maana kaja kuitia hapa. Wewe umeandika mlango."

Akaniambia niitoe ile karatasi, niandike nyingine, nikiri kwamba sikusikiliza. Nikamjibu ndiyo, mzee. Na hapa ndipo lilipo kosa langu kubwa, maana lile la kwanza lilikuwa la uvivu na hili lilikuwa la kiburi: sikuitoa. Nilijiambia wiki mbili si nyingi, watu watasahau. Kila asubuhi nilipita pale ubaoni nikiangalia upande mwingine.

Jumapili ya jukwaa ikafika. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na wenzangu Bi. Kalunde alipokuja kutoka stesheni, vumbi miguuni. Alikuwa amesikia njiani kwamba jina lake limo kwenye gazeti. Akauendea ubao. Mmoja wa wale vijana akamwambia, "Mama, nikusomee?" Akasema hapana, asante, amesoma darasa la watu wazima kijijini kwao miezi minane, anataka kusoma mwenyewe.

Akaweka kidole chini ya jina lake. Ka. Lu. Nde. Akatabasamu, mwanangu. Nililiona lile tabasamu. Kisha kidole kikasogea, silabi moja baada ya nyingine, kwa sauti, na kila mtu pale mlangoni alisikia. Alipofika kwenye "mafuta" alirudia neno lile mara mbili, akidhani labda amekosea kusoma. Alipojua hakukosea akaendelea. Hakuacha hata nukta. Alipomaliza akageuka.

"Nani huyu Sikio la Mji?"

Wenzangu waliangalia chini. Mimi niliangalia chini zaidi.

"Basi," akasema, "hiki ndicho kitu cha kwanza nilichosoma bila mwalimu kusimama pembeni." Akaikaza khanga yake, akarudi stesheni kungoja treni. Hakuimba.

Ndani ya ukumbi alikuwepo mzee mmoja aliyetoka Kaliua. Alikuwa amesikia kwamba Tabora kuna mama anaita majina ya watu, akaja kumuuliza habari za mdogo wake aitwaye Maganga, ambaye hakuwa amemwona tangu familia zilipohama. Alikaa mstari wa pili tangu saa nane mpaka viti vikaanza kupangwa. Mzee Ramadhani ndiye aliyemweleza kwamba mama yule hataimba. Yule mzee akauliza, "Kwani anaumwa?" Mzee Ramadhani akaniangalia mimi, akaniachia nijibu. Nikasema haumwi. Hilo tu ndilo nililoweza kusema. Lakini niliandika jina la Maganga kwenye kiganja cha mkono, na mzee alipoondoka nilikwenda nyuma ya ukumbi nikasimama peke yangu kwa muda mrefu. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua, na uamuzi huo sikuuvunja.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikapanda treni hadi Usoke. Nilimkuta Bi. Kalunde kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, akifunga majani kwenye fito pamoja na wanawake wawili. Nilikuwa nimeyapanga maneno mazuri njia nzima. Yote yalipotea.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyeandika."

Hakuitikia. Alimaliza kufunga ufito aliokuwa ameushika, akautundika, akajipangusa mikono.

"Ulikuwa umekaa wapi nilipoimba?"

"Nilitoka, mama. Nilikwenda kunywa chai."

Mmoja wa wale wanawake aliguna. Bi. Kalunde akaniangalia kama mtu anayepima kama mzigo utabebeka.

"Ningekuelewa kama ungekaa ukasikia ukauchukia," akasema. "Sauti yangu naijua, si nzuri. Lakini wewe umenihukumu kwa wimbo ambao hukuusikia, na nilipouliza ni nani ukanyamaza, maana ulikuwepo, nimekukumbuka sasa, ulikuwa na shati la kijani. Umekuja nikuimbie hapa ili moyo wako utulie? Sikuimbii."

"Sikuja kwa hilo, mama."

"Basi nenda ukaandike ulichofanya. Utie jina lako alilokupa baba yako. Uandike herufi kubwa, bado nasoma polepole."

Nikasema nitafanya. Kisha nikamtajia yule mzee wa Kaliua na mdogo wake Maganga. Wale wanawake wakaangaliana. "Maganga yupo," akasema Bi. Kalunde hatimaye. "Yuko kijiji cha pili kutoka hapa." Hakuniambia zaidi, nami sikuwa na haki ya kuuliza.

Nilirudi mjini nikaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa kama za darasani: kwamba mimi, Eliasi Kasanda, karani wa ghala, niliandika kuhusu wimbo wa Bi. Kalunde bila kuusikiliza, kwamba nilidanganya waliosoma, na kwamba alipouliza mwandishi ni nani nilinyamaza kwa woga. Nikabandika Jumatatu. Jioni karatasi haikuwepo.

Mwenyekiti wa kamati aliniita. "Gazeti likianza kukiri uongo," akasema, "nani ataliamini tena?" Nikamwambia hata mimi sijui, ila uongo niliusema mimi. Akaniambia nisiandike tena kwenye ubao wake. Nikaandika nakala ya pili, nikabandika. Ikatolewa. Wenzangu wapiga gitaa wakanisihi niache, wakasema najidhalilisha kwa ajili ya mama wa shamba. Nikaandika ya tatu. Siku hiyo Mzee Ramadhani alitoka na nyundo na misumari minne, akaipigilia yeye mwenyewe kwenye ubao, kila pembe msumari, kisha akaenda kufagia. Hakuna aliyethubutu kuing'oa.

Nikamtumia salamu yule mzee wa Kaliua kwa mfanyakazi mmoja wa treni aliyekuwa anapita kule kila wiki, kwamba mdogo wake yupo, na kwamba ajaribu kuja Jumapili za jukwaa. Sikuweza kumwahidi kitu.

Jumapili ya kwanza Bi. Kalunde hakuja. Ya pili hakuja. Mzee wa Kaliua alikuja zote mbili, na zote mbili nilikaa naye mpaka mwisho, nikisikiliza kila aliyepanda, wazuri kwa wabaya, kwa sababu nilikuwa nimejiapiza kwamba sitatoka tena. Kwa kweli siku hizo ndipo nilipojifunza kusikiliza. Kuna kijana niliyemdharau mwaka mzima, kumbe udhaifu wake ulikuwa mwanzo wa wimbo tu. Akishazoea macho ya watu anaimba vizuri sana.

Jumapili ya tatu alikuja. Akauendea ubao, akaweka kidole, akasoma yote kwa sauti. Safari hii alikuwa anasoma upesi zaidi. Karibu na mwisho akasimama.

"Hapa umeandika Kalude," akasema. "Jina langu lina n."

Nikatoa kalamu, nikaiongeza pale pale mbele ya watu. Akakubali kwa kichwa, akaingia ndani.

Aliimba. Alianza chini, kama siku ile, na sasa nilielewa kwa nini: alikuwa anawaeleza watu mashamba yao yalivyokuwa, mto ulikopita, nani alijenga karibu na nani, na mambo ya namna hiyo huwezi kuyasema kwa kelele. Kisha njuga ikanyamaza, akaanza kuita. Jina, kimya. Jina, kimya. Akaitikia mwanamke mmoja nyuma. Jina, kimya kirefu, hakuna mtu. Akaendelea. Halafu akaita, "Maganga! Kaka yako wa Kaliua anakutafuta!"

Kwenye mlango wa pembeni akasimama mwanaume aliyekuwa amekuja na Bi. Kalunde kwa treni. "Nipo," akasema.

Mzee wa Kaliua akageuka pale mstari wa pili, akashika kiti cha mbele ainuke. Kabla hajasimama mdogo wake alikuwa ameshamfikia. Sikuona vizuri kilichofuata, maana nami macho yangu hayakuwa sawa.

Kamati ilinirudishia kalamu baada ya muda, nikaandika kwenye ubao ule mpaka nilipohamishwa kikazi. Bi. Kalunde hakuwa rafiki yangu. Tulipokutana nilimwamkia, akaitikia, basi. Sikudai zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, andika. Sikukatazi, na usikubali mtu akukataze kusema kwamba wimbo ni mbaya ikiwa ni mbaya. Ila ukae mpaka mwimbaji ashuke, hata kama rafiki zako wanakuita nje. Utie jina lako, ili anayeumia ajue mlango wa kugonga. Ukikosea, usingoje watu wasahau; rekebisha pale pale ulipokosea, kwa maandishi makubwa kama yale ya kosa, na wakiyafuta andika tena. Na kila unapoona watu wanacheka kwa ulichoandika, jiulize kama yule unayemcheka angesimama mbele yako akakisoma kwa kidole, ungeweza kumwangalia usoni.

Mungu akupe subira ya kusikiliza na ujasiri wa kusahihisha. Awape wanaoimba mbele yako sauti njema, na wewe akupe mkono wa haki. Nenda, baba, Jumamosi yao isikupite.