Wimbo wa Sweden na maharage ya Bibi

Jamani, msipige muziki wa Ulaya karibu na maharage yaliyoanikwa.

Leo nimekuja Muyama kumsalimia Bibi, na spika yangu mpya. Nikamwekea wimbo wa mama mmoja wa Sweden anayeimba peke yake mlimani, sauti nyembamba mpaka masikio yanawasha.

Nikajifanya mwalimu. "Bibi, hii ni sanaa ya Wazungu. Huwezi kuielewa mara moja."

Bibi akasikiliza kidogo tu.

"Huyo anaita ng'ombe warudi nyumbani. Zima."

Nikacheka. Nikaongeza sauti. (Mimi na kiburi changu!)

Hao! Ng'ombe watatu wa jirani wakaingia uani, moja kwa moja hadi kwenye maharage. Wanakula huku wanasikiliza.

Nikawafukuza kwa fagio, wapi! Wewe ungefanyaje?

Bibi akainuka, akaimba kwa Kiha, sauti ile ile nyembamba. Ng'ombe wakageuka, wakamfuata kwa adabu mpaka kwao.

Aliporudi nilidhani nitachapwa. Akavuta kigoda, akaketi karibu na spika.

"Haya, washa tena. Nataka kumsikia mwenzangu."