Mkaguzi wa Mbao za Matangazo

Mkaguzi wa mbao za matangazo ya serikali alikuwa na kucha safi kuliko za daktari. Katika kila ofisi, kutoka Kilifi hadi Malindi, alipitisha kidole juu ya kioo, akakitazama kama kimeshika vumbi, kisha akarudi nyuma na kufumba jicho moja aone kama karatasi zimenyooka. Hakuwahi kupaza sauti. Asubuhi ile, katika ofisi ya ardhi, bibi mmoja kutoka Ganda, aitwaye Mbeyu, alimwonyesha karatasi ya katikati.

"Mwanangu, hii yanena nini? Naambiwa ni ya mashamba yetu."

Mkaguzi aliisoma yote kwa Kiingereza, taratibu, hadi sahihi ya mwisho.

"Inasomeka vizuri, mama."

"Lakini yasemaje?"

"Shamba lako likiandikwa jina la mtu mwingine, uje upinge kabla ya Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Iliyopita."

Akafungua kioo, akachomoa pini, maana tangazo lililopitwa na wakati huharibu ubao. Akaikunja karatasi vizuri, akamtia bibi mkononi.

"Na shamba langu je?"

Mkaguzi alikwisha kurudi nyuma, jicho moja limefumbwa.

"Sasa umekaa sawa," alisema, akiutazama ubao.