Hasara Inabebwa na Nani

Baba yangu anakaribia miaka tisini, na anaishi nami huku ugenini, mtaa wa Troyeville, katika chumba cha nyuma kinachopata jua la asubuhi. Ujanani alikuwa karani wa fedha wa serikali ya wakoloni kule kwetu. Serikali ile ilijenga reli kwa mikopo ya ng'ambo na kuilipa kwa dola, na kila faranga zilipobadilishwa kitu kilipotea njiani. Kazi ya baba ilikuwa kulitafutia pengo hilo mahali ndani ya bajeti.

Mimi ni msusi, saluni yangu iko mjini. Kila mwisho wa mwezi namtumia dada yangu, aliyebaki kwetu Lubumbashi, pesa za insulini. Randi zikigeuzwa dola zinapungua, basi baba anafungua daftari, anapiga mstari kwa rula na kuandika hasara kwa wino mwekundu, na mbele yake nani ataibeba. Kisha ananitazama mpaka nitoe za kujazia. Jamani, mzee huyu alinichosha.

Mwezi mmoja randi ilianguka vibaya, na kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa. Nikatuma randi zilezile za siku zote, bila nyongeza.

"Imefika yote?" aliuliza.

"Yote, Papa."

Jioni dada alipiga simu kumsalimia, akamwambia bila ubaya wowote kwamba mwezi huu dawa itatosha wiki tatu. Baba akanirudishia simu, asinigombeze. Afadhali angenigombeza.

"Eish, Papa, ni randi kidogo tu," nikasema.

"Hata kule ofisini ilikuwa kidogo," akasema. "Mkubwa wangu wa kazi aliniambia, wenye mkopo hawangoji, ile hasara ukate ku dawa za zahanati. Njo miye mwenyewe niliandika, na mwandiko wangu muzuri. Mwaka ule mama yangu alishikwa na homa, akaenda ku zahanati, wakamwambia dawa imekwisha. Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kumuzika."

Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia hilo. Niliona aibu, nikalia kama mtoto, naye akanipapasa kichwa kwa mkono wake mkavu.

Kesho yake, kabla ya kufungua saluni, nilituma zilizopungua. Mwenye nyumba akabwata kuhusu kodi, nikamwacha abwate. Niliporudi, baba alikuwa ameketi kitandani na daftari mapajani, mstari ameshaupiga.

"Imefika yote?"

"Yote, Papa."

Akampigia dada kuhakikisha, na sikukasirika. Kisha akaandika hasara kwa wino mwekundu. Mbele yake, pa kuandika nani ameibeba, nilitegemea kuona mimi. Aliandika polepole, kwa mwandiko uleule mzuri: sisi wawili. Halafu akatoa chini ya mto noti mbili alizopewa kanisani, akazinyoosha, akaniwekea kiganjani.