Jeanne Tshimanga na Nati za Pampu

Jeanne Tshimanga alikuwa hajamaliza bukari yake, ule ugali wa kwao, wakati Samy wa mgodini alipoingiza pikipiki hadi uani, bila hodi.

"Mama Jeanne, panda! Pompe imekufa. Maji inapanda mu shimo na bantu beko chini."

"Banani?" Jeanne alitaka kujua ni akina nani.

"Gael na benzake."

Gael alikuwa mume wa Fifi, na ukuta wa nyumba ya Fifi ndio huohuo wa Jeanne. Pale Kapata, mtaa wa wachimbaji, nyumba za kampuni ya mgodi zimejengwa zikishikana mabega. Jeanne alinyakua mfuko wake wa zana na kupanda pikipiki huku mkono mmoja bado una mboga ya sombe.

Kazi ya pampu aliijua tangu utoto. Babake, Mkasai kwa asili ila aliyezaliwa hukuhuku, alitengeneza pampu za mgodi maisha yake yote, na kampuni ilipomwachisha kazi alihamishia ufundi uani. Alipofariki, wateja walidhani karakana imekwisha. Jeanne akavaa ovaroli ya marehemu, akakunja mikono iliyomzidi urefu, akaendelea. Mwanzoni walikuja kumtazama tu. Baadaye walikuja kwa sababu pampu alizofunga yeye hazikuvuja.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Kwenye shimo, wachimbaji walikuwa wamekusanyika kwenye tope, wakipiga kelele kwenda chini na kusubiri sauti irudi. Ilirudi, hafifu. Gael na wenzake walikuwa wamepanda kwenye kijia cha juu ndani ya mwamba, na maji yalikuwa yamewazibia njia ya kutokea.

Jeanne alipiga magoti kando ya pampu. Injini ilikuwa nzima. Kitu kilikuwa kimenyonywa na kukwama tumboni. Ilibidi kufungua mfuniko, na nati za mfuniko zilikuwa kubwa, zimezama ndani ya vishimo vyake, zimeota kutu. Spana ya kawaida isingefika. Ilitakiwa douille, kile kikombe cha chuma kinachovaa kichwa cha nati. Douille ya ukubwa ule alikuwa nayo, ila tundu lake la mraba lilikuwa pana kuliko ncha ya mpini wake. Katikati ilitakiwa adapta, na mfukoni ilikuwamo moja tu, nyeupe, inayong'aa.

Gracien, mchimbaji ambaye mdogo wake alikuwa chini na Gael, alimsogezea mashine ya betri ya kufungulia nati.

"Tia hii, Mama. Ni mbio."

"Hapana. Hii adapta ni ya mukono, haiko ya machine. Ya machine inakuwaka nyeusi, chuma yake inavumilia kupigwa-pigwa. Hii machine itaipasula."

"Bantu banakufa!"

"Najua. Na ikipasuka, tutafungula na nini?"

Jeanne alizimwagia nati dizeli, akazigonga kwa nyundo kulegeza kutu, akavisha douille, akachomeka adapta, kisha mpini, na juu ya mpini akaingiza kipande cha bomba kuongeza urefu. Kadiri bomba linavyorefuka, ndivyo ile ncha ndogo ya adapta inavyobeba mzigo usio wake. Alivuta polepole, viganja vikisikiliza. Akihisi chuma kinajipinda, aliacha, akagonga tena, akavuta tena. Nati ya kwanza ililia kama mlango wa zamani, ikageuka.

Ikafuata nyingine, na nyingine. Kila mara Samy aliinama kwenye shimo na kuita, na kila mara jibu lilichelewa zaidi. Fifi alikuwa amefika, amefunga mtoto mgongoni. Hakulia. Alisimama tu akimtazama Jeanne mikono, na Jeanne alitamani mtu amwondoe pale.

Nati ya mwisho ilikataa. Jeanne aliinuka kufuata dizeli zaidi, akageuza mgongo. Akasikia mashine ikinguruma, kisha mlio mkali kama jiwe kwenye kioo. Alipogeuka, Gracien alikuwa amekaa kwenye tope, kiganja usoni, damu ikipita kati ya vidole. Adapta ilikuwa imepasuka vipande. Ncha yake ilikuwa imebaki ndani ya douille.

Jeanne alihisi matusi yakimjaa kinywani, akayameza. Alimfunga Gracien jicho kwa kitambaa chake cha kichwa, akarudi kwenye mfuniko na kuitazama ile douille, imevaa nati, haina pa kushikia.

Ila ilikuwa imechomoza juu ya mfuniko. Kidogo tu.

"Samy! Ile funguo ya kushikia mabomba, yenye meno, iko wapi?"

Waliileta. Jeanne aliibana douille yenyewe kwa nje. Meno yaliteleza, yakaikwaruza, yakateleza tena. Aliita wanaume wawili waegemee naye.

"Polepole! Pamoja!"

Meno yaliuma. Nati ikaachia.

Ndani ya pampu mlikuwa na gunia la plastiki limejisokota kama utumbo. Walilikata, wakalivuta, wakarudisha mfuniko na kuukaza kwa douille na ufunguo uleule wa meno. Ulivuja pembeni, lakini pampu ilishika. Mpira wa kutolea maji ukatetemeka, ukatapika maji mekundu.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipotoka, mmojammoja, wekundu kwa udongo. Mdogo wa Gracien alitangulia. Gael alikuja wa mwisho, amebebwa, anatetemeka, hai. Fifi alimpiga kofi, kisha akamkumbatia.

Siku iliyofuata Jeanne alikwenda hospitalini. Gracien alikuwa ametolewa kipande cha chuma chini ya jicho. Daktari alisema litaona, ila halitarudi kama zamani.

"Nilikukatazaka," Jeanne alisema.

"Ulinikatazaka, Mama. Lakini adapta uliiacha palepale, na machine palepale. Na ndugu yangu alikuwa chini."

Jeanne alikaa kitandani karibu naye, akammenyea chungwa, akampa kipande kwa kipande mpaka likaisha.