Kikombe Chenye Moshi Kiwandani

Baba yangu hakuwashinda nyani wa Kerenge mpaka anaingia kaburini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonijia kwanza kila nikikaa. Alikuja huku kutoka mbali kukata mkonge, akazeeka nao, mwishowe akapata kishamba cha mahindi. Nyani nao wakakipata. Basi akatengeneza sanamu, na si sanamu ya kubabaisha. Koti la kazini, kofia, kichwa cha kibuyu, macho mekundu, meno ya punje za mahindi yamepangwa mstari. Mimi mwenyewe nilikuwa naipitia mbali. Nyani waliitazama siku mbili. Siku ya tatu mmoja akapanda, akakaa begani, akala meno.

Jirani yetu, mama mjane wa Kishambaa, hakuwa na sanamu. Alikuwa akimaliza kupalilia anachomeka jembe kwenye tuta, anatundika khanga yake ya jasho kwenye mpini, chini anaacha kata ya maji. Kisha huyo, anakwenda zake kupika. Shamba lake halikuguswa. Baba alidhani ni dawa, akaenda kumuuliza.

"Dawa gani, shemeji," yule mama akasema. "Sanamu yako wameshajua haitembei. Mimi hawajui niko wapi."

Baba alicheka sana. Akarudi nyumbani, akaipandikizia sanamu yake meno mengine.

Mimi nikawa mchoraji wa mabango. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini herufi nazichora vizuri kuliko walioziandika vitabuni, hata zile nisizojua zinasema nini. Nimechora saluni, gereji, mahoteli, mabucha, Handeni yote na Korogwe nusu. Kuna bucha moja pale Chanika ya Handeni ninapoishi, nilimchora ng'ombe anacheka. Mwenye bucha akalalamika, anacheka nini na mwenzake ananing'inia kwenye ndoano? Nikamwambia anafurahia wateja. Bango lile lilikaa miaka mingi kuliko mwenye bucha.

Siku hizi mabango wanachapa kwa mashine, kwenye turubai. Nilikuwa nimeshaziweka brashi kwenye kopo la maziwa nikazisahau, mpaka mtoto wa dada yangu aliponipigia. Huyu ni mama mtu mzima, anatengeneza kompyuta na simu hapo Manundu, Korogwe, na miaka mitatu alikuwa anatunga gemu. Gemu ya kutisha. Mimi gemu nilijua ni kelele za vijana, lakini akanieleza na nywele zikanisimama. Unaingia kwenye kiwanda cha mkonge kilichokufa, unamtafuta baba yako. Hakuna anayekufukuza. Ila kila chumba unachofika, unakuta baba yako ametoka sasa hivi. Kiti bado cha moto. Tochi inawaka sakafuni. Humwoni hata mara moja.

"Sasa mjomba, nataka kava," akasema. "Picha ya kukaa dukani."

"Duka liko wapi nije nipime ukuta?"

Akacheka. Duka liko ndani ya mtandao, watu wanapitisha kidole, picha maelfu zimepangana. Yako isipomsimamisha mtu, gemu imezikwa na hakuna atakayejua ilizaliwa. Na yeye alikuwa ameshaamua, hii isiposimamisha mtu, hatungi nyingine.

Basi nikahamia kwake. Picha ya kwanza niliichora siku nne kwenye hadibodi la futi tatu. Niliweka kiwanda, reli ya matoroli, mashine ya kukamua mkonge ambayo sisi wa kambini tuliiita korona hata kabla ya ugonjwa, binti anakimbia, popo, mwezi, vivuli vya manamba wakata mkonge waliokufa na baba yake mlangoni. Bango ndivyo nilivyofundishwa. Hoteli ikiuza chai, chapati na supu, unachora chai, chapati na supu.

Mpwa wangu aliipiga picha, akaipunguza mpaka ikawa kama ukucha, akanipa simu. Nilichokiona ni mchicha uliomwagika.

"Dukani itakuwa hivi?"

"Ndiyo, mjomba. Halafu umeweka gemu nzima. Sasa wanunue nini?"

Nilikasirika. Siku nne, na mgongo wangu huu. Nilitoka nikazunguka, na ni katika kuzunguka ndipo yule mama jirani wa Kerenge aliponijia akilini, na kata yake. Nikarudi nikachora kitu kimoja. Mlango wa kiwanda, ndani giza, kizingitini kikombe cha bati cha chai, kinatoa moshi. Basi.

Tukaenda nayo stendi kwa mama muuza machungwa, mpwa wangu akamnyooshea simu mkono mzima. "Mama, hapo unaona nini?"

"Sabuni."

Tukarudi. Nikakikuza kikombe. Moshi niliouchora mwembamba kama nywele ulikuwa unapotea ukipunguzwa, nikauchora upya, msokoto mmoja mnene. Tukaenda. Akasema ni konokono. Kesho yake akasema yai, na nadhani hapo alikuwa ameanza kutuchezea. Nikaondoa majani niliyokuwa nimepambia mlango. Nikaondoa tofali. Nikaondoa taa niliyokuwa naipenda kuliko vyote. Kazi yangu yote ikawa kufuta, na mtu aliyezoea kulipwa kwa kuongeza, kufuta kunamuuma.

Mara ya tano au ya sita, yule mama alishika simu mwenyewe. Akaacha kumenya chungwa.

"Kikombe cha chai, cha moto," akasema. Kisha akakitazama tena. "Cha nani hicho?"

Mpwa wangu alinishika mkono mpaka ukauma. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kwa bango, na nimechora miaka zaidi ya arobaini.

Sasa, mpwa wangu alikuwa na mwenzake Dar es Salaam, ndiye aliyejiandikisha kwenye hilo duka kwa jina lake, bila yeye gemu haiingii. Siku ya mwisho ya kupeleka, mchana, tukamtumia picha, kisha tukampigia. Mpwa wangu alikuwa ameniwekea chai, sauti ya simu ameitoa nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, mkono wako ni moto. Ila mtu akipitisha kidole hasimami kwa ajili ya kikombe."

"Muuza machungwa alisimama."

"Muuza machungwa hanunui gemu, mzee."

Hapo alinipiga, sikatai. Akatuma ya kwake. Sura nyeupe, mdomo wazi, damu mpaka kidevuni, jina la gemu linadondoka kama limetoboka. Nimezitazama picha za duka lile, sura kama hizo zimejaa, mtu na ndugu zake.

"Kwenye gemu yenu sura hii iko wapi?" nikamuuliza.

"Haipo. Ni ya kuvutia tu."

"Mimi nimemchora ng'ombe anacheka, lakini nyama ilikuwa ya ng'ombe."

"Mzee bwana," akasema, akacheka. "Bila sura siipandishi."

Simu ikakatika. Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa ameinama anakwangua rangi mezani kwa ukucha. Niliposikia sauti yake nilijua ameshachoka kuliko mimi.

"Mjomba, ni leo jioni. Miaka mitatu. Weka sura tu, ndogo, nyuma ya kikombe, pale gizani. Weka wewe, asije akaweka ile yake."

"Yule mama aliuliza cha nani. Nikiweka sura, atauliza nini?"

"Najua."

"Unajua halafu?"

"Naomba, mjomba."

Akanimiminia chai nyingine. Nikachovya brashi kwenye nyeupe, nikaweka jicho moja mlangoni. Moja tu. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaangalia, na giza lote lilikuwa limekwisha. Ilikuwa mlango na jicho. Ilikuwa punje ya hindi kwenye kibuyu. Nikalifuta kwa kitambaa likaacha doa, nikapaka nyeusi juu ya doa mpaka likafa.

"Umefuta?" akaniuliza bila kugeuka.

"Rangi imeganda. Nafuata thina dukani."

"Chai yako ndiyo kwanza imemiminwa."

"Iache hapo, nakunywa nikirudi."

Nikavaa kofia. Duka la thina liko nyumba ya tatu kutoka kwake, nikalipita. Muuza machungwa alinisalimia stendi, nikaitikia bila kusimama, nikapanda gari la Handeni, picha nimeiacha bila sura na chai bado inatoa moshi. Brashi zangu ziko kule mpaka leo.