Paa Nililoling'oa kwa Mdomo Wangu

Juzi nilipita Fairfax, huku Marekani, mwenzangu, nikakuta mafundi juu ya nyumba ile tuliyoishi zamani wanang'oa paa. Wanaibomoa wajenge kubwa zaidi. Niliegesha gari nikalia, mimi mtu mzima mwenye watoto wangu. Maana paa lile nilishaling'oa mimi zamani, nikiwa na miaka tisa, kwa mdomo wangu huu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama alikuwa akimtunza bikizee mmoja wa Ayalandi, na sisi wawili tulilala chumba cha chini ya nyumba yake. Kabla ya hapo tulikuwa Adelphi, sebuleni kwa watu, tunapanga foleni ya bafu. Kwa hiyo nyanya yule, ndivyo nilivyomwita, akiondoka pale, mama hana kazi na sisi hatuna pa kulala. Mama alinikumbusha hilo kila nilipoleta utundu.

Nikitoka shule jikoni kulikuwa kunanukia mkate wa magadi, ule wa maziwa mala usiotiwa hamira. Mama alijifunza kuuoka kwa kuelekezwa na nyanya kutoka kitini. Siku moja mama aliponda viazi na kabichi, nyanya akaonja, machozi yakamtoka. Alisema utotoni alikuwa akikila chakula hicho kwa kujificha jikoni na wapishi, kwa sababu mezani kwa wazazi wake kilidharauliwa kuwa chakula cha wapangaji wa mashamba yao.

Kwao walikuwa na jumba, usicheze! Vyumba arobaini, ukuta wa mawe kuzunguka shamba, na ardhi ambayo ukoo wake uliipata baada ya wenyeji kunyang'anywa. Hakuficha. Mwaka wa njaa viazi vilioza ardhini, na wapangaji walioshindwa kulipa wakatupwa nje. Watu wa babu wa baba yake wakaezua vibanda vyao ili wasirudi. Baadaye sheria ikageuka, mashamba yakaenda kwa wapangaji, jumba likabaki peke yake na baridi yake. Na kwa kuwa nyumba yenye paa ilitozwa kodi, baba yake akaita mafundi wakaliezua. Mvua ikanyeshea kinanda cha mama yake.

Mama aliposikia hayo aliweka pasi chini. Kwetu magharibi ya Kenya, ule mti wa kileleni mwa paa hung'olewa mwenye nyumba akishakufa. Akamwambia nyanya kwamba huyo baba yake alijizika akiwa hai.

"Ndiyo," nyanya alisema. "Tuliwaezua wenzetu, kisha tukajiezua."

Kila saa kumi alasiri alipiga kengele yake ya shaba, tukacheza jumba. Mimi nilikuwa mjakazi. Alinituma nifunge madirisha ya maktaba, niwashe moto chumba cha wageni, niulize kama farasi wamekula. Nilizunguka sebule ile ndogo nikirudi na majibu, kila jibu likiishia na "bibi mkubwa", mpaka vyumba arobaini vikaisha. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Tukimaliza alinisahihishia hesabu za shule.

Jumamosi moja mpwa wake akaja, yule aliyekuwa akisimamia mambo yake. Mama alikuwa ameenda kuchukua dawa, na nyanya amesinzia. Sasa mimi nilikuwa nimefunzwa kwamba mwenye mgonjwa akija hafichwi kitu: unampa kiti, unampa chai, unampa habari zote, tangu mgonjwa alivyolala mpaka alivyokula. Kumficha ni kumtukana. Basi nikamwandalia chai ya maziwa. Akaniuliza kwa upole shangazi yake huongea nini, nami nikajimwaga. Kengele, wajakazi, farasi, madirisha. Nilitaka aone tunavyomtunza vizuri.

"Saa kumi huwa yuko Ayalandi," nilimwambia, tena kwa fahari.

Akanywa chai yote, akanishukuru. Kwamba ule ni mchezo, wala sikusema. Nilidhani kila mtu anajua. Mjinga mimi!

Baada ya wiki mbili alikuja na daktari, na maneno yangu yameandikwa kwenye karatasi. Eti akili imemtoka nyanya, anapelekwa nyumba ya wazee, nyumba inauzwa. Mama alimsihi yule bwana kwa mikono miwili, akamwambia ni mchezo wa mtoto tu, akamwambia hatuna pa kwenda. Bwana alisema anasikitika.

Mlangoni nyanya aligeuka kwenye kiti chake cha magurudumu akaniangalia.

"Madirisha umeyafunga?"

Mpwa wake akamtazama daktari. Jibu nililijua, nililitoa kila siku. Nikaogopa nikijibu nitazidi kumharibia, nikanyamaza, naye akasukumwa mpaka garini akiwa bado ameniangalia.

Alifia huko kabla hata majira hayajabadilika. Sisi tulirudi Adelphi, sakafuni kwa watu, na mama hakunilaumu hata siku moja. Bora angenichapa.

Juzi, basi, nilishusha kioo cha gari nikasema, "Nimeyafunga yote, bibi mkubwa." Fundi mmoja aligeuka akaniangalia. Nyuma yake hakukuwa na dirisha hata moja lililobaki.