Nililamba Shati la Mume Wangu

Uvumilivu wangu uliisha Jumapili, Baba Zawadi aliporudi bila samaki hata mmoja, akanirushia shati lililoloa nilifue huku mtoto akinililia mgongoni. Wiki nzima anaendesha lori la kubeba wakimbizi kutoka mpakani. Siku yake moja ya mapumziko, ati anakwenda ziwani kuvua kwa ndoana, kujifurahisha tu.

Mimi ni wa Tanga. Baba yangu naye alivua kwa kujifurahisha, na shati lake lilirudi limekauka kwa chumvi mpaka linakwaruza. Basi nikalamba pindo la lile shati. Halina chumvi! Nikajua amelilowesha bombani kwa mwanamke.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Baraza lilijaa watu.

"Shikamoo mzee. Mume wangu mwongo. Anasema anavua, nimelamba shati lake halina chumvi!"

Mzee akanitazama. "Marahaba mwanangu. Chai ya asubuhi umepika kwa maji ya wapi?"

"Ya ziwa..."

Baraza likaangua kicheko. Na kidato cha nne changu chote!

Baba Zawadi, aliyekuwa amenifuata, hakucheka. Akasema taratibu, "Mama Zawadi, nikivua, vilio vya kwenye lori vinaninyamazia."

Mzee akauliza kama nafuta lalamiko. Nikasema sifuti, aandike upya: mume wangu anakwenda kupumzika ziwani, mimi na mtoto anatuacha nyumbani.